Mtakatifu Yohane Baptista de la Salle, Msimamizi wa Waalimu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili ya mapadre na masista waliotuletea imani. Lakini tusiwasahau waalimu, maana wengi wetu tulijifunza kusoma na kusali katika chumba kimoja, mbele ya mwalimu mmoja. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za msimamizi wao wa mbinguni.

Yohane alizaliwa mjini Reims, nchi ya Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651, katika jamaa ya watu wenye cheo na mali. Alipokuwa na miaka 15 tu alifanywa kanoniko wa kanisa kuu la mji ule, cheo chenye heshima na mapato ya kudumu. Wazazi wake walifariki kabla hajatimiza miaka 21, akabaki kuwatunza wadogo zake. Mwaka 1678 akapata upadre.

Siku zile watoto wengi wa maskini walizurura njiani, hawajui kusoma wala katekisimu, na wengi wa waalimu wao hawakufundishwa kazi. Mwaka 1679 alikuja Reims Adrien Nyel, mtu asiye padre, atafutaye kufungua shule za bure. Yohane akamsaidia, akidhani ni kazi ya siku chache. Waalimu wale hakuwapenda kwanza. Moyoni mwake aliwahesabu kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Hata hivyo, alipoona ya kuwa shule haifai kitu kama mwalimu hafai, akawakaribisha mwaka 1681 wakae nyumbani mwake. Jamaa zake wakachukizwa sana.

Basi, waalimu wakaanza kuhofia siku za mbele. Yohane akawaonya wamtumaini Mungu. Wakamjibu kwamba yeye anaweza kusema hivyo, kwa kuwa ana mali na cheo. Lakini shule zikifungwa, wao watakwenda kuomba chakula. Neno hilo likamchoma moyo, akaona wamesema kweli. Mwaka 1683 akakiacha cheo cha kanoniko, akakubali apewe padre maskini, wala si ndugu yake. Njaa kuu ilipoingia, mali yake akawagawia maskini kwa mikate. Tangu hapo akala chakula kile kile cha waalimu wake. Hivyo ndivyo ulivyoanza Udugu wa Mabruda wa Shule za Kikristu.

Katika shule zake watoto walisoma kwanza lugha yao ya Kifaransa, si Kilatini, wapate kufahamu upesi. Waliwekwa kwa madarasa kadiri ya maarifa yao, wakafundishwa pamoja. Mtoto asipofika, sababu ilitafutwa. Na pengine sababu ilionekana kuwa ni mwalimu mwenyewe, asiyejua kuwavuta watoto kwa upendo. Katekisimu ilifundishwa kila siku, na katikati ya masomo walikumbushwa kuwa Mungu yupo mbele yao. Hata walipokula asubuhi, walifundishwa adabu na kumgawia maskini mkate. Kwake elimu na imani hazikuwa kazi mbili.

Mateso hayakukosa. Huko Paris waalimu wa kuandika, waliotoza karo, walimshitaki kwa kuwa shule zake ni za bure. Na baadhi ya mabruda wakamwacha. Yeye akavumilia, akaendelea. Akafariki mjini Rouen Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Mwaka 1725 Baba Mtakatifu Benedikto XIII aliuthibitisha udugu wake. Mwaka 1900 Leo XIII alimtangaza Mtakatifu. Na mwaka 1950 Pio XII akamweka kuwa msimamizi wa waalimu wote.

Basi, tujiulize sisi. Twataka watoto wetu wafaulu mitihani na kudumu katika imani. Je, twamtunza yule anayewafundisha? Tusimhubirie mwalimu matumaini, hali sisi tumeshiba naye ana njaa. Wazazi, wapelekeni watoto shuleni kila siku, wala msiwazuie kwa kazi za nyumbani. Nanyi waalimu, mtoto akikosa darasani, mtafuteni kabla ya kumlaumu.

Mtakatifu Yohane Baptista de la Salle, utuombee.