Habari za Armauer Hansen, Mganga wa Wenye Ukoma

Neno ukoma tumelizoea katika Maandiko, na wengi wetu tumepata kumwona mtu aliyepatwa na ugonjwa huo. Lakini ni wachache wamjuao yule aliyeona kwanza vijidudu viuletavyo. Basi mwezi huu tumependa kueleza habari za maisha yake.

Gerhard Henrik Armauer Hansen alizaliwa tarehe 29 Julai 1841 katika mji wa Bergen, ulio pwani ya magharibi ya nchi ya Norwe. Alijifunza uganga katika mji wa Christiania, ambao sasa huitwa Oslo, akahitimu mwaka 1866. Kisha akawatibu wavuvi wa visiwa vya Lofoten, na mwaka 1868 akarudi Bergen kuwahudumia wenye ukoma.

Wako wanaodhani ya kuwa ukoma ni ugonjwa wa nchi za joto tu. Sivyo. Katikati ya karne ya 19 Norwe, nchi ya baridi na theluji, ilikuwa na wagonjwa karibu 3,000, wengi wao wakulima na wavuvi maskini. Tangu mwaka 1856 serikali iliandika majina yao katika daftari.

Mkuu wa Hansen hospitalini alikuwa Daniel Danielssen, bingwa mwenye sifa katika Ulaya. Yeye alifundisha ya kuwa ukoma hurithiwa, kwa maana aliona jinsi unavyoandama jamaa moja, mzazi na mtoto, ndugu na ndugu. Tena alikuwa amejichanja mwenyewe kwa uchafu wa vidonda vya wagonjwa, wala hakuugua. Hansen alimheshimu mzee huyo, hata akamwoa binti yake mwaka 1873. Walakini hakuweza kulikubali fundisho lake. Alisafiri katika vijiji, akauliza kwa uangalifu ni nani aliyeugua kwanza, alilala wapi, na pamoja na nani. Ndipo akatambua ya kuwa walio wa damu moja ndio pia wakaao chini ya dari moja. Kilichodhaniwa kuwa urithi kilikuwa maambukizo ya nyumbani. Katika miaka ya 1880 alifika hata Marekani, akawatafuta wazao wa Wanorwe wenye ukoma waliohamia huko, asione hata mmoja aliyeurithi.

Mwaka 1873, alipokuwa akitazama kwa hadubini vipande vya uvimbe wa wagonjwa, aliona vijiti vidogo sana. Mwaka 1874 akatangaza habari hiyo, miaka 8 kabla Robert Koch hajatangaza vijidudu vya kifua kikuu. Lakini wengi hawakusadiki, kwa kuwa vijidudu hivyo havikukubali kuoteshwa katika chombo; na mpaka leo havikubali.

Hapa yatupasa kueleza na kosa lake. Kwa kutaka sana uthibitisho, mwaka 1879 alimchoma mwanamke mmoja mgonjwa jichoni kwa uchafu wa mgonjwa mwingine, pasipo kumwomba ruhusa. Mwanamke hakupata dhara kubwa, lakini alidhulumiwa. Mwaka 1880 baraza la hukumu lilimwondoa Hansen katika kazi yake ya hospitali, nasi twaona ya kuwa hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Mgonjwa, hata akiwa maskini na mwenye kudharauliwa, mwili wake ni wake.

Hata hivyo serikali ilimwacha awe msimamizi wa mambo ya ukoma katika nchi nzima. Zamani maskini wenye ukoma walizungushwa shamba kwa shamba, kila nyumba ikiwalaza kwa zamu. Sheria ya mwaka 1877 iliikomesha desturi hiyo. Sheria ya mwaka 1885 iliagiza mgonjwa awe na chumba chake nyumbani, au aende hospitali. Sheria hizo ziliwaumiza wengi waliotengwa na watoto wao. Lakini ugonjwa ulipungua, hata mwaka 1900 wagonjwa hawakufika 1,000. Hansen alikufa tarehe 12 Februari 1912.

Leo tunajua zaidi. Ukoma huenea hasa kwa matone ya pua na kinywa, baada ya kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu. Watu wengi miili yao huushinda. Aliyeambukizwa aweza kukaa miaka 5, hata 20, kabla ya dalili kuonekana. Tangu mwaka 1981 dawa zilizochanganywa pamoja zimeponya mamilioni, na aliyeanza kuzitumia huacha upesi kuambukiza; hakuna tena haja ya kumtenga.

Kwa hiyo sisi tuzungukao katika nyumba za watu, walimu wa Injili na wazee wa kanisa, tuangalie kama Hansen alivyoangalia. Tukiona baka lililofifia lisilosikia mguso, au mkono uliokufa ganzi na kuungua motoni pasipo maumivu, tumshauri mtu huyo aende zahanati upesi, pamoja na wale wakaao naye, kabla vidole havijapinda. Tena tumwendee kwa adabu, tukimwomba ruhusa kwanza. Kisha tuketi naye mezani, ili jirani waone ya kuwa hatumwogopi.