Erlang: Mwalimu wa Denmark aliyeipigia hesabu foleni ya simu

Wanafunzi wa uhandisi wanaojiandaa kwa mtihani wa mitandao ya kompyuta hulikuta jina la Erlang katika sura ya foleni na msongamano. Huko limekuwa kipimo tu, mithili ya wati au volti, na ni rahisi kusahau kwamba lilikuwa jina la mtu.

Agner Krarup Erlang alizaliwa Januari 1, 1878 katika kijiji cha Lønborg, Denmark, akiwa mtoto wa mwalimu. Mitihani haikumtisha: akiwa na umri wa miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, baada ya kupewa kibali maalumu kwa sababu ya udogo wake. Alihitimu mwaka 1901, hisabati ikiwa somo lake kuu, kisha akafundisha shule kwa miaka kadhaa.

Katika chama cha wanahisabati alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na mwaka 1908 akajiunga na kampuni hiyo.

Tatizo alilolikuta lilikuwa la fedha na la heshima kwa mteja. Laini zikiwa chache, wapigaji hukosa nafasi. Zikiwa nyingi mno, kampuni imefukia mali yake ardhini. Je, ngapi zinatosha?

Tuseme simu 200 hupigwa kwa saa moja, kila moja ikichukua wastani wa dakika tatu. Jumla ni dakika 600, yaani mzigo wa erlang 10. Hesabu ya haraka itasema laini 10 zinatosha. La hasha! Simu hazijipangi; huja kwa bahati, mara kumi kwa mpigo, mara kimya. Kwa kanuni ya Erlang, laini 10 zitawakosesha nafasi zaidi ya asilimia 20 ya wapigaji. Ili wanaokosa wasifike asilimia moja, zinahitajika laini 18.

Msingi wa hesabu hiyo aliuchapisha mwaka 1909, na kanuni zenyewe za kukosa laini na za kusubiri zikafuata mwaka 1917. Hakuwa mtu wa mezani tu. Mwanzoni, kwa kukosa wasaidizi wa maabara, alionekana katika mitaa ya Copenhagen akiwa na kibarua mwenye ngazi, akishuka katika mashimo ya nyaya kupima umeme uliovuja.

Hakuoa, na alijulikana kwa kuwasaidia maskini. Alifariki Februari 3, 1929, akiwa na umri wa miaka 51, baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Mwaka 1946 jina lake likafanywa kipimo cha kimataifa cha msongamano wa simu.

Katika miaka ya 1960, Mmarekani Leonard Kleinrock aliipeleka nadharia ya foleni katika mitandao ya kompyuta, ambako pakiti za data hupanga mstari ndani ya rauta. Hapo mtahiniwa awe macho: utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba data huja kwa mafuriko makubwa kuliko simu, hivyo kanuni ya 1917 haihamishiki hivi hivi. Kwa simu za sauti na vituo vya kuhudumia wateja, wahandisi bado wanaitumia.