Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyejua bei ya mzigo mzito

MALORI yenye tela wazi yanayopita Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, hubeba nguzo za umeme na mbao za Mufindi, au nondo na saruji kutoka Dar es Salaam. Mwenye mzigo anayepatana nauli hapo anapiga hesabu ileile iliyomtajirisha Sewa Haji Paroo zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Wengi waliopewa rufaa ya Muhimbili wanalijua jina hilo kutokana na wodi za Sewa Haji. Wachache wanajua kwamba utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na usafirishaji.

Alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Waismailia wenye asili ya Kutch, India, iliyofanya biashara Unguja na Bagamoyo. Aliuza nguo, shanga na silaha, akanunua pembe za ndovu. Kilichompa nguvu zaidi ni kuwatafutia wenye misafara ya bara wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Ndorobo waliua wanyama wa kukokota, kwa hiyo kipimo cha nauli kilikuwa bega la mtu, ambalo halikupaswa kupewa zaidi ya kilo 32 hivi. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akiwa na shehena ya karibu tani tano. Alihitaji wapagazi wapatao 160, na aliyemtafutia ni Sewa Haji, kijana wa miaka 20 tu. Kwa kipimo hicho, shehena ya tani 28 ya semi moja ya leo ingehitaji watu 875.

Gharama haikuishia kwenye ujira. Safari ya hadi Tabora ilichukua takriban miezi mitatu, na kila siku ilikuwa na posho yake. Njiani watawala walidai hongo. Msafara uliochelewa ulikula faida.

Mzigo usiogawanyika ndio uliokuwa ghali zaidi. Pembe kubwa au sanduku zito lilifungwa kwenye mti likabebwa na watu wawili, mtindo ulioitwa mzigaziga. Hapo mzigo ni mmoja, lakini ujira na posho ni vya wawili. Ndivyo ilivyo kwa mkulima anayesafirisha mashine ya kukoboa au trekta: kikizuia tela kupakia kingine, analipia tela zima hata kama uzito haujatimia.

Stanley aligombana na Sewa Haji kuhusu hesabu. Alilalamika kwamba alitozwa nguo nyingi kuliko zilizowafikia wapagazi. Pengo la namna hiyo ndilo chumo la dalali. Mwenye mzigo asiyejua anachopata mwenye chombo hawezi kujua dalali anabakiza kiasi gani.

Usalama wa njia nao ulikuwa na bei. Wahehe wa Mkwawa walishambulia misafara, na Agosti 1891 waliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski pale Lugalo, mashariki ya Iringa. Njia ya hatari ilihitaji walinzi wenye bunduki, ambao hawakubeba bidhaa lakini walikula.

Leo hongo na bunduki vimepisha mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56, gari likiwemo, na kila ekseli ina kikomo chake. Saruji na nondo hufikisha uzito huo kabla nafasi haijajaa, hivyo bei ya haki ni ya tani kwa kilomita, pamoja na kufunga, kupakia, kushusha na siku za kusubiri. Lori linalorudi tupu huingiza mafuta ya kurudi katika nauli ya kwenda. Anayepakia kwenye lori linalorudi ana nafasi ya kupatana.

Sewa Haji alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam na jengo la shule Bagamoyo, lililokusudiwa watoto wa rangi zote. Alifariki mwaka 1897, akiwa na miaka 46. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na biashara ya mabega iliyomtajirisha ikapoteza njia yake kuu.