William Scarborough: alizaliwa mtumwa, akawa profesa wa Kilatini na rekta

Wanafunzi wa latini-filozofi katika shule zetu wanajua ugumu wa lugha hiyo. William Sanders Scarborough alianza mbali zaidi: sheria ya jimbo lake ilikataza mtoto kama yeye kufundishwa hata a, b, c.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1852 mjini Macon, jimbo la Georgia, Marekani. Baba yake alikuwa amepata uhuru na alifanya kazi ya reli. Mama yake alikuwa mtumwa, na kisheria mtoto alifuata hali ya mama. Jirani mmoja mzungu alimfundisha kusoma kwa siri. Alijifunza pia kushona viatu.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1865 na utumwa kukomeshwa, aliingia shule waziwazi. Mwaka wa 1875 alimaliza masomo katika chuo cha Oberlin, Ohio. Alirudi Macon kufundisha, lakini shule hiyo ikachomwa moto.

Mwaka wa 1877 alipewa kazi ya profesa wa Kilatini na Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, kilichokuwa cha kanisa la Wametodisti weusi. Wakati huo wazungu wengi walisema akili ya mtu mweusi haiwezi kushika lugha hizo. Scarborough aliwajibu kwa kazi: mwaka wa 1881 alichapisha New York kitabu cha kufundishia Kigiriki. Mwaka huohuo alimwoa Sarah Bierce, mwalimu mzungu, jambo ambalo majimbo mengi yalilikataza. Baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza katika chama kikubwa cha wataalamu wa lugha cha Marekani, MLA.

Heshima hiyo haikumlinda. Mwaka wa 1892 aliondolewa kwenye kiti chake cha ualimu Wilberforce, akahamia seminari ya jirani. Miaka mitano baadaye alirudishwa. Hata alipokuwa mtaalamu mwenye jina, hoteli moja ya Baltimore haikutaka kumpokea kwenye chakula cha wataalamu wenzake.

Kuanzia 1908 hadi 1920 aliongoza Wilberforce, cheo ambacho kwetu ni cha rekta. Wengi walidai vijana weusi wafundishwe kazi za mikono tu. Yeye, aliyewahi kushona viatu, hakudharau ufundi, lakini alikataa usiwe mpaka wa elimu yao. Kati ya waliosoma chuoni hapo ni Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini, ambaye baadaye aliongoza wanawake kupinga sheria za pasi.

Scarborough alifariki mwezi wa Septemba 1926, akiacha maandishi ya maisha yake bila kuchapishwa. Yalitoka kama kitabu mwaka wa 2005, karibu miaka 80 baada ya kifo chake. Leo MLA inatoa tuzo yenye jina lake.