Karen Blixen: Mama wa Kahawa Aliyepigwa na Hesabu ya Mavuno

Kuna mbogi ya wakulima huko Kanada na California wanaopanda bangi ndani ya nyumba, chini ya taa. (Huku kwetu hiyo ni jela, sheria ya 1994 bado iko, kwa hivyo tulia.) Ukiwauliza mavuno yalikuwa aje, hawakutajii kilo peke yake. Wanakuambia ni gramu ngapi kwa kila wati. Taa ya wati 600 ikiwaka masaa 12 inakula yuniti 7.2 za stima kwa siku. Siku 60 ni yuniti 432. Unaweza kuvuna vizuri, upige picha, mabeshte washtuke, na bado tokeni zikuache umesota.

Hesabu ya aina hiyo, mavuno kugawanya na kile umeweka, ndiyo ilimtoa Karen Blixen Kenya. Eeh, huyo huyo wa Karen, penye ekari moja leo inauzwa makumi ya mamilioni. Taa yake ilikuwa jua, na jua lilikuwa la bure. Kilichomla kilikuwa kingine.

Karen alizaliwa Denmark tarehe 17 Aprili 1885, kwa familia ya watu wako nazo. Mzae wake alijiua Karen akiwa na miaka 9. Akakua, akaandika hadithi kidogo, akachorachora, akachoka na maisha ya Rungsted. Akachumbiwa na Bror Blixen, jamaa wa ukoo wa kibwanyenye kutoka Sweden, mpenda uwindaji na raha. Form ilikuwa waje British East Africa, wanunue shamba la ng'ombe wa maziwa, watajirike. Bror akatangulia. Alipofika akabadilisha akili: ng'ombe wapi, kahawa ndiyo kusema. Karen anashuka meli Mombasa Januari 1914, wanaoana hapo hapo, na anaambiwa yeye sasa ni mkulima wa kahawa.

Hebu simama hapo kidogo. Huyo mtu alibadilisha biashara nzima kabla ya kujua kama udongo na hali ya hewa vinakubali. Pesa nazo hazikuwa zake. Zilitoka kwa familia ya Karen, na mjomba wake Aage Westenholz akawa mwenyekiti wa Karen Coffee Company, iliyoundwa 1916. Jina la mtaa lilitoka kwa huyu Karen ama kwa Karen mwingine, binti ya huyo mjomba? Watu wanabishana mpaka leo. Mimi nimeacha kubishana.

Shamba lilikuwa ekari 4,500 chini ya vilima vya Ngong, na ekari kama 600 zikawa kahawa. Ukisimama hapo mibuni ikichanua, maua meupe kila mahali baada ya mvua, ungeapa mama ameomoka. Shida ni urefu kutoka usawa wa bahari. Pale ni kama mita 1,800. Kahawa ya Ruiru na Thika iko chini zaidi, kwenye joto kidogo. Wewe ukiishi Karen unajua Julai huwa aje: wingu asubuhi mpaka jioni, baridi ya kukata masikio. Ongeza udongo wenye asidi nyingi na mvua inayokosa vile inataka. Mti wa kahawa hapo hafi, lakini pia haujazi. Unakupa majani, unakupa maua, halafu cheri zinakuja haba.

Na kahawa si sukuma wiki. Unapanda leo, unangoja miaka 3 ama 4 ndipo uone kitu cha maana. Ukichuma, kilo 6 ama 7 za cheri zinakuachia kama kilo 1 ya kahawa safi. Halafu magunia yanapakiwa kwa mikokoteni ya ng'ombe 16 mpaka stesheni ya reli pale tao, treni mpaka Mombasa, meli mpaka London. Kila hatua inakula. Kwa hivyo ukikosea mazao kwa ekari, hakuna mahali pengine utajiokoa.

Nani alikuwa wati za shamba hilo? Watu. Wakikuyu wengi waliishi hapo kama maskwota, kwenye ardhi ambayo wengine wao walikuwa na mizizi nayo kabla ya mzungu yeyote kuchora ramani. Sheria ya 1918 ilisema skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka wa mtu, ndiyo akubaliwe kulima kakipande na kufuga mbuzi. Hizo siku ukiziweka kwenye hesabu, ile kahawa ilikuwa ghali kuliko kitabu chochote cha kampuni kilivyoonyesha. Sinema haikuonyesha hii sana, ilikuwa bize na ndege na muziki.

Maisha yenyewe yalikuwa msoto juu ya msoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa Bror alimwambukiza kaswende, ikabidi arudi Denmark 1915 kutibiwa. Mwaka 1921 familia ikamfuta Bror kazi na Karen akawa meneja. Talaka ikakamilika 1925. Katikati hapo, 1923, kiwanda cha kahawa kikashika moto. Kulikuwa na Denys Finch Hatton, mpenzi wake, Mwingereza wa safari za uwindaji, aliyekuja na kwenda anavyotaka. Karen akaendelea kuwaandikia ndugu zake watume pesa, msimu ujao utakuwa poa. Hakuwa mjinga. Aliona takwimu. Lakini ukishapenda mahali, kila msimu mbaya unaupatia kisingizio: mwaka huu ni kiangazi, mwaka huu ni nzige, mwaka huu ni bei. Mwaka 1929 bei ya dunia ikaanguka kweli, na visingizio vikaisha.

1931 shamba likauzwa. Mnunuzi, Remy Martin, hakuwa na haja na kahawa. Akakata ploti. Tarehe 14 Mei mwaka huo ndege ya Denys ikaanguka Voi, akafa. Na wale maskwota? Waliambiwa wahame, kila mtu na njia yake. Hapa nampa Karen haki yake: miezi yake ya mwisho aliimaliza akizunguka ofisi za serikali Nairobi, akiomba watu hao wapewe ardhi pamoja, wasitawanywe. Mwishowe wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Agosti akapanda meli, na hakurudi Afrika tena.

Sasa sikia hii. Mwaka huo huo wa 1931, afisa wa kahawa wa serikali alikuwa anazunguka Tanganyika, akaona huko Monduli kahawa inayovumilia kiangazi. Mbegu zikaletwa Scott Laboratories pale Kabete, pembeni ya Waiyaki Way ya leo. Kati ya 1935 na 1939 wanasayansi wa hapo walichagua miti 42 na kuifuatilia mmoja mmoja: umezaa ngapi, umevumilia ukame aje, kahawa yake ina ladha gani. Hawakuangalia shamba kwa macho, walihesabu mti kwa mti. Hapo ndipo ilitoka SL28, na SL34 ikatoka kwa mti mmoja wa shamba la Loresho. Hizo mbili ndizo bado zinafanya wanunuzi wapigane bei kwa mnada wa Wakulima House, Haile Selassie. Magonjwa huzisumbua, ndiyo maana Ruiru 11 ikaletwa 1985, lakini ladha ni ladha.

Karen alirudi kwa mamake akiwa na miaka 46, bila doo, bila mume. Akaanza kuandika. Kitabu cha kwanza kilitoka 1934 kwa jina la Isak Dinesen, cha Kenya kikatoka 1937, na hicho kikamfanya ajulikane dunia nzima. Alifariki 7 Septemba 1962. Sinema ya 1985 ikabeba Oscar 7.

Nyumba yake ni makumbusho tangu 1986. Panda mathree ya 24 kutoka tao.