Edward Moringe Sokoine: Safari Iliyoanzia Dodoma

Ndugu zetu wana Kizota, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Mwaka huu tumeona tumkumbuke mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, lakini safari yake ya mwisho ilianzia mjini kwetu. Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliondoka Dodoma kwa gari baada ya kikao cha Bunge, akielekea Dar es Salaam. Hakufika. Alipata ajali Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki akiwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa msiba huo redioni.

Marehemu alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli na Umbwe, akajiunga na TANU mwaka 1961, kisha akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Mwaka 1965 wananchi wa kwao walimchagua kuwa Mbunge. Mwaka 1967 akawa Naibu Waziri, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi, na mwaka 1977 Waziri Mkuu. Alipumzika mwaka 1980, akaenda masomoni Yugoslavia, na Februari 1983 akarudishwa kwenye nafasi hiyo.

Alirudi wakati mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeiacha nchi na madeni, na sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa foleni. Machi 1983 akaongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Wengi walifurahi kuona bidhaa zilizofichwa zikitolewa hadharani. Wapo pia walioumia, maana sheria ya mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili. Tunayasema yote mawili, kwa sababu kumheshimu marehemu si kumfanya malaika. Lakini hata leo, akitajwa kiongozi ambaye hakutumia cheo kujitajirisha, jina lake huwa la kwanza midomoni mwa wengi.

Alizikwa kwao Monduli Juu. Familia ilibaki na msiba, na pia na jina zito la kubeba. Binti yake, Namelok Sokoine, aliingia Bungeni hapa Dodoma akiwa Mbunge wa Viti Maalum, katika mji ule ule ambao baba yake aliuaga akiwa hai. Mwanawe Joseph naye amelitumikia taifa akiwa Balozi. Nje ya familia, mwaka ule ule wa 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake, na kila mwaka kinatoa wataalamu wa mazao na mifugo wanaofika hadi mashambani kwetu.

Ndugu zetu, hapo tunapata funzo letu. Jina hurithiwa na watoto wa mtu, bali kazi njema hurithiwa na watu wote. Hakuna ajuaye safari yake itaishia wapi, kwa hiyo lililo jema tulifanye tungali njiani.

Tunapowanyoshea mkono mwaka huu, tunajua hatuna haki ya kuomba shilingi moja tusiyoweza kuieleza ilikokwenda. Daftari la mapato na matumizi litakuwa wazi mkutanoni. Njooni mlikague, mtuulize bila kuona haya, kisha mchangie. Haba na haba hujaza kibaba.

Karibuni nyumbani.