Peter Guthrie Tait: profesa aliyeeleza kwa nini mpira wa gofu unaenda mbali

Mchezaji wa Kayna anayepiga mpira wa adhabu kwa upande wa mguu anajua kwamba mpira utajizungusha, utapinda na kupita kando ya ukuta wa wachezaji. Gofu si mchezo wetu hapa Lubero. Lakini ni kwenye gofu ambako Peter Guthrie Tait alipima vizuri kazi hiyo ya hewa.

Alizaliwa Dalkeith, Scotland, mwaka wa 1831. Kuanzia 1860 alifundisha fizike katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na wakati wa likizo alikuwa akicheza gofu St Andrews. Alijaribu hata kucheza usiku na mipira iliyopakwa fosforasi ili ing'ae gizani, mpaka glavu ya mwenzake ikashika moto.

Swali lililomsumbua ni hili: mpira uliopigwa chini chini unakaaje hewani kwa sekunde 6 hivi? Alifunga utepe mwembamba kwenye mpira, mpira ukapigwa kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha akahesabu utepe umejisokota mara ngapi. Akaona kwamba mpira unaenda mbele huku ukizunguka kinyumenyume. Kwa kuzunguka hivyo unaisukuma hewa chini, na hewa inauinua.

Mzunguko huo unatoka kwenye fimbo. Uso wake umelala nyuma kidogo, kwa hiyo unausukuma mpira na kuuzungusha kwa wakati mmoja. Uso ukilala sana, mpira unapanda juu na kuanguka karibu. Ukilala kidogo, unaenda mbali. Ndiyo maana mchezaji anabeba fimbo nyingi.

Watu bado wanasimulia kwamba profesa alitangaza mpaka ambao mpira hauwezi kuupita, na mwaka wa 1893 mwanae Freddie akaupita. Ni hadithi tamu, lakini inamwonea mzee: wakati huo alikuwa ameshaandika juu ya mzunguko wa mpira.

Freddie mwenyewe alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wasiolipwa mwaka wa 1896 na tena 1898. Alikuwa pia afisa wa jeshi. Mwezi wa pili 1900 aliuawa vitani Koodoosberg, Afrika Kusini, akiwa na miaka 30. Baba yake hakupona huzuni hiyo. Alifariki mwezi wa saba 1901.